Kopo la Mbegu za Moto

Juzi niliunguza sare yangu ya kazi. Nilikuwa napiga pasi hapa nyumbani Buhongwa, jirani akaniita dirishani kunipa umbea ambao ungeweza kungoja, na niliporudi pasi ilikuwa imekaa juu ya kifua cha gauni jeupe kama kuku anayeatamia. Hakukuwa na moto. Kulikuwa na harufu tu: pamba inayoungua bila kuwaka, harufu kavu, tamu kidogo inapoingia puani, halafu chungu ikifika kooni. Nilichomoa waya ukutani, nikakaa kitandani, na badala ya kuisikitikia sare nikajikuta nina miaka tisa, nimechuchumaa juu ya mwamba kando ya ziwa, namngoja mama aseme kwamba kopo limepoa.

Tulikuwa watu wawili na nusu pale kwetu: mama, mimi Minza, na mdogo wangu Masanja aliyekuwa bado ananyonya. Baba alikuwepo pia, ila yeye nitamfikia. Mwenyewe hakuwa na haraka ya kutufikia sisi.

Kijiji chetu kilikuwa ufukweni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka kivuko cha Kigongo. Kijito kilikikata vipande viwili visivyolingana. Ng'ambo ile kulikuwa na shule, duka, kisima, uwanja wa mpira na watu. Ng'ambo yetu kulikuwa na mawe, mikonge iliyopandwa kuwa ua tangu enzi za mababu, na nyumba mbili tu: yetu na ya Mama Holo. Mama Holo alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye mwanya, na mume wake ndiye aliyekuwa kamanda wa walinzi wa kijiji. Yeye na mama walikuwa watu wa moto mmoja. Asubuhi, aliyeamka na kaa zima chini ya majivu ndiye aliyempa mwenzake. Mwombaji alikuja na kigae mkononi, akarudi nacho kinafuka moshi. Na kwetu moto haunyimwi. Chumvi unaweza kusema imekwisha, mboga unaweza kuifunika, lakini moto unaonekana. Mwenye moto kwenye mafiga akimnyima anayeuomba, wazee walisema, nyumba yake itapoa. Hilo tulilijua kabla ya kujua kuhesabu.

Sasa baba. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kilikuwa kinauzwa na kila mtu alikuwa anauza. Magari ya barafu ya viwanda vya samaki vya mjini yalianza kufika hadi ufukweni kwetu kununua sangara, na gari halikumngoja mtu: likishafunga milango, samaki wako ni wa kunguru. Siku moja baba alikuwa kwenye mizani na sangara mkubwa kuliko Masanja, mara ukapigwa mwano. Mwano ni yowe la hatari, na kwetu sisi Wasukuma likisikika kila mwanamume huacha alichoshika akakimbilia linakotoka, hata kama alichoshika ni tonge. Ng'ombe walikuwa wameibwa. Wanaume wote walikimbia. Baba alibaki na samaki wake.

Ng'ombe walipatikana jioni hiyohiyo na hakuna aliyeumia. Pengine miguu ya baba isingeongeza kitu. Lakini kesho yake mkutano uliitishwa uwanja wa mpira, na kamanda, mume wa Mama Holo, akasimama kutangaza. Nilikuwepo, nimekaa kwenye nyasi na watoto wenzangu, natafuna muwa.

"Nyumba hii imetengwa," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Asiwepo wa kuwapa moto. Asiwepo wa kuwapa maji, wala kuwauzia kitu, wala kuwasalimu. Wakisema, hamjasikia. Wakipita, hamjaona. Mpaka alete dume la ng'ombe, tule, yaishe. Atakayewasaidia, na yeye tunamtenga."

Wenzangu waliinuka mmoja mmoja wakaenda kukaa upande mwingine. Mmoja wao alirudi. Nikadhani amerudi kwangu, kumbe alikuwa anachukua kipande cha muwa alichonigawia.

Baba alisema hachinji dume kwa ajili ya samaki aliyemvua mwenyewe. Akakunja nyavu zake, akapanda mtumbwi kwenda kambi za visiwani. Huko hakuna aliyejua kwamba ametengwa. Alisalimiwa, aliuziwa sigara, alicheza bao. Mwanamume hutengwa kwa jina. Wanaotengwa kwa tumbo na kwa mgongo ni wale aliowaacha nyumbani. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," mama alisema siku anaondoka, na kwa muda mrefu hakumtaja tena.

Moto wetu ulizimika jioni ileile ya mkutano, kana kwamba nao ulikuwepo ukasikia. Mama hakuamini kwamba maneno ya uwanjani yangemhusu Mama Holo. Alinipa kigae akaniambia, "Nenda kwa mama yako mdogo, kaombe moto."

Nilimkuta jikoni kwake nje, moto unawaka vizuri, sufuria ya maji ya ugali iko juu na maji yameanza kuimba. Nilipiga magoti kama tulivyofundishwa. "Shikamoo mama. Mama anaomba moto."

Hakuitikia. Aliniangalia, akaangalia njia ya kijitoni ambako mumewe angetokea, akakiangalia kigae changu. Kisha akainua sufuria kwa upande wa kanga yake na kumwaga maji yote juu ya mafiga. Moto ulipiga kelele. Majivu yalinirukia usoni.

"Sina moto," akasema kwa sauti ya chini, akageukia ukuta.

Nilirudi mbio. Mama aliniuliza mara mbili kama nimeona vizuri, nami nikamwambia nimeona: amemwaga maji ya ugali wake mwenyewe. Midomo ya mama ikawa myembamba. "Kumbe ananichukia kiasi hicho," alisema. "Bora alale na njaa kuliko anipe kaa moja." Nami nikaamini, maana majivu yalikuwa bado kwenye kope zangu. Tulilala na mihogo mibichi tumboni.

Asubuhi mama alipanda mlimani, wachungaji walikokuwa wamechoma nyasi, akashuka na kinyesi cha ng'ombe kilichokuwa bado kinafuka ndani kwa ndani, amekifunga kwenye majani mabichi. Ni moto usio na mwenyewe, alisema, hautamponza mtu. Alikuwa anajua kwamba moto wa kuokota hauna uvumilivu, na mvua ya kwanza au usingizi wa kwanza ungeuzima. Kwa hiyo kabla haujazimika aliutengenezea mbegu.

Mbegu za moto, ndivyo alivyoviita vitu vile. Baba yake alikuwa mchungaji na ndiye aliyemfundisha, na alizitumia tena miaka ile ya foleni, kiberiti kilipokuwa kinatafutwa kama dawa. Mkonge ukizeeka huchomoza mti mmoja mrefu katikati, ukatoa maua, kisha mkonge wote unakufa. Mti huo ukikauka, ndani yake kuna moyo mweupe, mwepesi, unaobonyea kama godoro. Mama aliupasua kwa panga, akautoa ule moyo, akaukata vipande vya ukubwa wa kidole gumba na kuvianika kwenye mwamba. Kisha alivipanga ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, akatoboa kifuniko kwa msumari, tundu moja tu, akafunika na kulitega kopo juu ya makaa. Tunduni ukatoka moshi mweupe, mzito, wenye ile harufu. Hapo huna la kufanya. Moshi unapungua, unakuwa mwembamba kama uzi, unakatika. Ndipo unaliondoa kopo kwa kijiti, unaziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi, na unaacha lipoe kabisa. Ukifungua mapema hewa inaingia, vipande vinaanza kujila vyenyewe kwa wekundu, na mwisho wake una kopo la majivu.

Nilifungua mapema mara moja. Mama alinipiga kwa bapa la panga mgongoni. Hakunipiga kwa hasira. Alinipiga kama mtu anayepigilia msumari, ili kitu kikae mahali pake. Kikakaa.

Lakini ukingoja, unafungua na kukuta vipande vyeusi tii, umbo lilelile, vyepesi hata pumzi inaweza kuvipeperusha. Unakishika kimoja kwa kidole gumba ukingoni mwa jiwe jeupe, yale yanayong'aa ambayo kwetu yametapakaa kila mahali, na mkono wa pili unashika kipande cha tupa iliyovunjika, ile ya kunolea majembe. Unapiga kwa kushuka. Cheche nyingi zinafia hewani. Moja inaangukia kwenye mbegu, unaona nukta nyekundu, ndogo kama upele, inapanuka. Unaihamishia kwenye kiota cha nyuzi za mkonge na nyasi kavu, unapuliza, na moto huo hapo. Upepo wa ziwani uliokuwa unazima njiti za watu wote ndio uliokuza moto wetu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Duka la ng'ambo lilikuwa limejaa kuliko lilivyowahi kujaa, viberiti vimepangwa hadi darini, sabuni za kila rangi, betri, biskuti, na mwenye duka alikuwa akituona tunaingia anaanza kupanga upya makopo. Kisimani tulingoja hadi wote waondoke, na tukikaribia kamba ilikuwa inaondoka pia. Shuleni wasichana waliniachia niingie kwenye mchezo wa kamba, na nikisharuka tu hewani, waliiachia kamba ikaanguka. Hawakunicheka. Walikwenda zao tu, kama watu waliokumbuka kazi nyumbani. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alisema mambo ya mila hayamhusu.

Mama alibadilika. Alikuwa mtu wa kuimba, sasa akawa mtu wa kufunga na kufungua kopo. Alihamisha mafiga nje kabisa, juu ya mwamba, mahali ambapo moshi wetu ungeonekana vizuri kutoka kwa Mama Holo, na siku nyingine aliwasha moto hata kama hakukuwa na cha kupika. Nilimwona akichochea, akiangalia upande ule, akichochea tena. Mama Holo alikuwa mjamzito. Tulimwona akipita na kuni kichwani, tumbo mbele, na hakuinua macho. "Mwangaluka, mayu," mama alimsalimu siku moja kwa sauti ya juu, kwa kusudi, na alipokosa jibu akacheka peke yake. Sikukipenda kicheko kile, lakini nilikiona cha haki.

Masika yalipokuja yalikuja kama yametumwa. Mvua ilianza asubuhi ikaendelea, ikaacha kidogo, ikaanza upya. Kijito kilifura kikafunika mawe ya kuvukia. Ng'ambo yetu tukabaki nyumba mbili. Kamanda alikuwa ameshikwa na mafuriko ng'ambo ile pamoja na walinzi wake. Mama mkwe wa Mama Holo alikuwa amewahi kuvuka kabla, akamzalisha mtoto wa kike, mvua ilipoacha kidogo akavuka kurudi kufuata unga na majani ya dawa, na maji yakamfungia njia nyuma yake. Mengine tuliyajua baadaye; siku ile tulisikia sauti tu kutoka kule: kelele za uchungu, kilio cha mtoto, vigelegele vya bibi kikongwe mmoja, kisha mvua.

Siku ya pili alasiri mama alikuwa chini ya upenu anajiandaa kuwasha moto. Mafiga yalikuwa baridi tangu asubuhi, kuni kavu zilizobaki amezipanga, tupa iko mkononi, kopo liko wazi magotini. Mama Holo akatokea kwenye ua wa mikonge. Kanga zake zilikuwa zimemganda mwilini, hana viatu, na kigae amekikumbatia kifuani ili kisilowe. Hakuvuka ua. Alisimama pale pale kwenye mvua.

"Mama Minza," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kutoka kwake tangu kiangazi. "Nina mtoto wa jana. Nyumba inavuja, kiberiti kimekuwa uji. Naomba moto."

Mama aliweka tupa chini. Kisha akasimama, akaliinua kopo, akalikinga chini ya maji yaliyokuwa yanamwagika kutoka kwenye bati. Kopo lilijaa. Mbegu zikaelea, nyeusi, zikizunguka polepole, nyingine zikamwagika na maji hadi miguuni kwake.

"Sina moto," alisema.

Nilifurahi. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua hesabu za kujumlisha na kutoa, nikaona hesabu imelingana.

Mama Holo hakulia wala hakutukana. "Mama Minza," alisema, "siku ile mimi nilizima wangu ili nisikunyime. Wewe umezima wako ili uninyime." Akageuka, akaondoka kwa hatua fupi za mtu aliyezaa jana, akishika jiwe hadi jiwe.

Mimi sikuelewa maneno yale. Nilimwona mama akiyaelewa. Alibaki amesimama na kopo mkononi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga mwiba na bado hajapiga kelele. Mwenye moto hawezi kumnyima anayeomba, na kamanda alikuwa ameagiza moto usitolewe. Siku ile nilipopiga magoti mbele yake na kigae changu, Mama Holo alikuwa na mume wa kumwogopa na laana ya kuiogopa, na kati ya viwili hivyo aliona njia moja tu: asiwe na moto. Alizima chakula cha nyumba yake ili neno lake liwe la kweli. Sisi tulikaa miezi yote ile tukimwonyesha moshi.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kukitazama. Mama alianza kupiga tupa kwenye jiwe. Alipiga juu ya moyo wa mkonge usiochomwa, akapiga juu ya pamba aliyoichomoa kwenye mto wa Masanja, akapiga juu ya nyuzi. Cheche zilianguka zikafa. Mbegu huzaliwa na moto. Ukiwa huna moto huwezi kutengeneza mbegu, na ukiwa huna mbegu cheche haina pa kukaa. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini na bado alipiga hadi ngozi ya vidole ikachunika na jiwe jeupe likawa na damu. Kisha akatupa tupa, akamfunga Masanja mgongoni kwangu.

"Nenda kwa Mama Holo," alisema. "Panda kitandani, walalie. Mwili wako una joto. Usitoke hadi nirudi."

Nilikwenda. Sikubisha hodi. Mama Holo alikuwa amejikunja kitandani kwenye pembe isiyovuja, mtoto yuko ndani ya kanga zake, na Holo, bintiye wa miaka minne, ameshika mguu wa mama yake kwa mikono yote miwili. Nilipanda kitandani nikajibandika mgongoni kwake na Masanja wangu. Alikuwa anatetemeka hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta.

Mama, wakati huo, alivuka. Hakuvuka kwenye mawe. Alishuka hadi pale kijito kinapoingia ziwani, maji yalipotanuka, akaingia hadi kifuani akijua wazi kwamba mamba hupapenda mahali pa namna hiyo. Yaliyotokea dukani sikuyaona. Niliyasikia baadaye, kwa sababu yalisimuliwa kijijini kama kichekesho.

Dukani kulikuwa na wanaume wanakinga mvua, kamanda hayumo. Mama aliingia anatiririka. "Jamani, mke wa kamanda amezaa, hana moto, mtoto anapoa. Mpelekeeni moto." Hakuna aliyegeuka. Mwenye duka akaongeza sauti ya redio. Mama akapiga magoti kwenye matope ya mlangoni, akawataja mmoja mmoja kwa heshima zao, wewe baba fulani, wewe kaka fulani, si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya mke wa kamanda wenu. Mmoja wao, akiangalia dari, akasema, "Huo upepo wa mlangoni leo una makelele." Wakacheka. Baadaye walisema walidhani ni hila ya kuwavunjisha sheria.

 Mama akainuka, akanyoosha mkono juu ya kaunta, akachukua kiberiti mbele ya macho yao wote, akakifunga kwenye mfuko wa rambo uliokuwa unaning'inia pale, akatoka. Hakuna aliyemgusa. Kumkamata mwizi kungekuwa ni kukiri kwamba wamemwona.

Alirudi kwa njia ileile, mfuko ameubana kwa meno. Alivunja kinu cha Mama Holo kwa shoka akapata kuni kavu, akawasha moto ndani, akachemsha maji, akamkanda. Walikuwa wanawake wawili ndani ya chumba kimoja kidogo na hawakusemeshana. Mtoto alipata joto akaanza kunyonya. Mama Holo naye alipata joto, ila lake halikukoma. Kulipopambazuka alikuwa anawaka kama jiwe la jikoni. Kamanda alipofika maji yalipopungua, alisimama mlangoni. Aliuona moto, akaiona damu iliyokauka kwenye vidole vya mama. Alifungua mdomo, halafu akaufunga, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangaza kwamba asiwepo wa kutusemesha. Mama alipita kando yake akitazama chini, tukarudi kwetu.

Mama Holo alikufa kabla ya wiki kwisha. Kijiji kizima kilivuka kuja msibani. Tuliutazama msiba kutoka kwenye mwamba wetu, tumekaa na vyombo vyetu kimya, kwa kuwa aliyetengwa haendi kuzika. Wanawake walikuja kuteka maji ziwani hatua chache kutoka kwetu wakiwa wanalia, na mama alilia pamoja nao bila wao kumwona.

Mtoto waliyemwita Kabula, kwa vile alizaliwa mvuani, alitapika maziwa ya ng'ombe. Akatapika ya mbuzi. Upande wetu wa kijito mwanamke anayenyonyesha alikuwa mmoja tu. Asubuhi moja kamanda aliingia uani kwetu, kichwa wazi, na fungu la kanga mikononi. Hakusalimu. Alimweka mtoto magotini kwa mama, akatugeuzia mgongo na kutazama ziwa hadi mtoto aliposhiba. Kisha akamchukua akaondoka. Alirudi mchana, akarudi jioni, na kesho yake vivyo hivyo. Sheria ilikataza moto, maji, mauzo na salamu. Hakuna aliyekuwa amefikiria kukataza maziwa.

Baba alirudi mavuno yalipoanza, amenenepa, na dume nyuma yake. Walilichinja uwanja wa mpira. Mara watu wote wakapata macho na masikio. "Mama Minza! Za siku nyingi!" wakasema, kama vile tulikuwa tumesafiri. Mwenye duka alinipa biskuti. Ndipo kile kisa cha dukani kiliposimuliwa kwa mara ya kwanza, na yule wa upepo wa mlangoni akausema tena upepo wake, watu wakashika mbavu. Mama alikuwa anagawa nyama. Alicheka nao. Kamanda hakucheka, alikula taratibu, macho kwenye sahani.

Kabula aliendelea kuletwa hadi alipoanza kutambaa. Nami nilikuwa nakaa karibu kumwangalia mama akimnyonyesha, kwa sababu kulikuwa na jambo lililonishangaza. Masanja akinyonya, mama alikuwa anaongea, anapeta mchele, ananituma. Kabula akinyonya, aligeuza uso pembeni, akafumba macho, akakaza taya hadi mshipa ukaonekana. Nilidhani mtoto anamng'ata. Siku moja mama alipolala nilimfungua Kabula kinywa kutafuta meno. Nilikuta fizi tupu, laini, na akaninyonya kidole.

Mimi ni mkunga sasa. Nimeona homa ya uzazi mara nyingi, najua inakotoka: wembe, mikono, kipande cha kondo kilichobaki. Haitoki kwenye mvua wala kwenye baridi. Siku nilipojifunza hilo darasani nilitaka kuinuka na kukimbia hadi kijijini. Nilipopata likizo nilimkuta mama uani anachambua dagaa, nikakaa karibu naye, nikamweleza polepole, kwa maneno rahisi, kama ninavyowaeleza wagonjwa. Nikamwambia Mama Holo angekufa hata kama nyumba yake ingekuwa na moto wa nyumba kumi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Alitoa jiwe dogo kati ya dagaa akalitupa.

"Umesoma vizuri, mwanangu," alisema. "Homa ilikuwa ya Mungu. Maji niliyamwaga mimi."

Siku hizi Kabula ni mama wa watoto watatu, anauza samaki Kirumba, na kila sikukuu huja kwa mama na zawadi kuliko sisi tuliozaliwa tumboni mwake. Hupiga magoti, "Shikamoo mama," kisha huwakalisha wanawe na kuwasimulia jinsi bibi yao huyu, kijiji kizima kikiwa kimemtenga, alivyovuka maji ya mamba kumletea marehemu Mama Holo moto, halafu akamnyonyesha yeye yatima. Ndivyo alivyosimuliwa na baba yake, na ni kweli tupu, kila neno. Mama hukaa hapo hapo, amegeuza uso pembeni, na hamkatizi.